Paa halivuji, lakini dari inadondosha maji

"Mtaalamu, shikamoo. Tuko safarini kutoka Dar kwenda Mtwara, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka 4. Tunalala ndani ya Haisi ya zamani ambayo tuliing'oa viti, tukaweka kitanda, kabati na taa za betri. Tulipofika Kilwa Masoko mvua ilianza usiku na kunyesha kutwa nzima. Tulifunga madirisha yote kwa sababu ya mvua na mbu. Asubuhi dari ilikuwa inadondosha maji na godoro limelowa kwa chini. Kabla ya safari fundi mmoja alipaka silikoni paa zima, kwa hiyo sielewi maji yanapita wapi. Mchana hatukuweza kupika nje, tukaingiza jiko la mkaa. Mkaa ulikuwa umeshakolea, hauna moshi, na mlango tuliuacha wazi kidogo. Baada ya kula tukaliacha jiko humo humo lipunguze unyevu. Saa 9 mke wangu akaanza kuumwa kichwa, mtoto akatapika, mimi nikazidiwa na usingizi. Tukadhani ni samaki. Mvua ilipopungua tulihamia barazani kwa wenyeji wetu, na baada ya muda tukawa wazima. Naomba kujua: nizibe wapi? Na kesho tuendelee kwenda Lindi au tusubiri? Mvua inakatika na kurudi."

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako limenifikia jioni hii na ninalijibu leo leo, kwa sababu ndani yake kuna jambo lisilongoja asubuhi. Umeuliza maji yanapita wapi na kama kesho muondoke. Yote mawili nitayafikia. Kwanza naomba tuzungumze kuhusu hilo jiko, ambalo umelitaja kama jambo la kawaida la mchana wenu.

Samaki huenda hana kosa lolote. Watu watatu mmekaa ndani ya gari lililofungwa pamoja na mkaa unaowaka, na wote mmezidiwa kwa wakati mmoja: mmoja kichwa, mmoja kutapika, mmoja usingizi usioeleweka. Mkatoka nje, mkapata nafuu bila kumeza kidonge. Mimi ni fundi wa bodi, miaka yangu mingi imeishia kwenye kugeuza magari ya abiria kuwa ya kulala. Si daktari, na siwezi kuthibitisha ugonjwa kwa kusoma ujumbe. Ila hayo uliyoyaeleza, kwa mpangilio huo huo, ndiyo dalili za sumu ya kaboni monoksidi, hewa inayotoka kwenye mkaa, na katika kazi hii hakuna ninachokiogopa kama hicho.

Kwa hiyo nendeni kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, nyote watatu, hata kama sasa hivi mnacheka na kula. Mkifika msiseme tu "kichwa na kutapika", maana pwani wakati wa mvua mtapimwa malaria na mambo yakaishia hapo. Kupimwa malaria ni sawa, mpimwe. Lakini semeni waziwazi: "Tulikaa na jiko la mkaa linalowaka ndani ya gari lililofungwa." Maneno hayo yanabadilisha kazi ya daktari. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu ambaye yuko hatarini. Mkiwa kwenye hewa safi, nusu ya sumu iliyo mwilini hutoka kwa takriban saa 4 hadi 6; kwa oksijeni ya hospitali muda huo hushuka hadi kama saa 1 na nusu. Na kama shemeji ana ujauzito, hata mchanga, hilo liwe neno la kwanza mnalolitamka mlangoni, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia kuliko mama yake na dalili za mama hazionyeshi ukubwa wa tatizo.

Wiki chache zijazo pia mwangaliane. Kuna watu hupona siku ile ile, kisha baada ya siku au wiki wakaanza kusahau sahau, kuyumba wanapotembea, au kubadilika tabia. Likitokea hilo, mrudi hospitali na mkumbushe habari ya jiko.

Sasa nieleze kwa nini, maana nisipoeleza utarudia, na sitakulaumu, kwa sababu sote tumelelewa na jiko la mkaa na tunalijua kama rafiki.

Tulifundishwa kwamba ubaya wa jiko ni moshi. Likishakolea, makaa yakawa mekundu na jivu jeupe juu yake, tunasema sasa liko tayari kuingia ndani. Kwa macho na pua ni kweli. Lakini kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Makaa mekundu yasiyo na moshi wowote yanaitoa, na yanaendelea kuitoa hata yanapofifia chini ya jivu. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushikamana na ile sehemu inayobeba oksijeni kwa nguvu inayozidi oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Oksijeni inafika, inakuta nafasi imeshakaliwa. Ubongo na moyo vinaanza kukosa hewa huku kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, na mtu hahisi kukabwa. Anahisi kichwa, kichefuchefu, uchovu, kisha usingizi. Huo usingizi uliokuzidi wewe ndio ulionifanya niache chakula changu na kuandika.

Halafu fikiria ukubwa wa chumba. Sebule ndogo ya mita 3 kwa 3 ina hewa ya mita za ujazo zaidi ya 20. Haisi ya paa la kawaida, ukitoa kitanda na kabati lako, inabaki na chini ya 6. Jiko ambalo barazani halimdhuru mtu, humo linajaza sumu kwa dakika chache. Mlango ulioachwa wazi kidogo hautoshi, hasa kama umefunguliwa upande mmoja tu na hakuna njia ya hewa kutokea upande wa pili. Wengine husema ukilala chini sakafuni umesalimika kwa sababu "gesi inapanda". Kaboni monoksidi ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa. Inaenea kote, juu na chini, kitandani na sakafuni.

Nina sababu ya kusema kwa mkazo. Zamani, nikiwa dereva, tulilala watu wawili ndani ya gari la kazi wakati wa masika. Mwenzangu aliingiza jiko lenye makaa machache ili kukausha soksi. Tulishapika nje, chakula kilishaisha, jiko lilikuwa linakufa. Usiku niliamka nikitaka kukojoa na miguu ikakataa kunibeba. Nilifungua mlango kwa bega nikaangukia matopeni, na mvua ile ya usoni ndiyo iliyonirudishia akili ya kurudi kumvuta. Alikuwa anakoroma kwa utulivu kabisa. Tulipona wote wawili. Chini ya jiko, kwenye zulia la gari, palibaki alama ya duara iliyoungua ya miguu mitatu, na kila nilipofagia gari lile niliifagia kwa uangalifu, nikiizunguka, mpaka siku lilipouzwa.

Hewa hiyo hiyo inatoka kwenye ekzosi. Siku za mvua watu huegesha, wanafunga vioo na kuliacha gari likiunguruma ili kiyoyozi kifanye kazi, kisha wanalala. Ekzosi ya Haisi inatokea nyuma. Bomba likizama kwenye mchanga au tope, au mlango wa nyuma ukiwa haujakaa vizuri kwenye raba yake, moshi unaingia. Msilale injini ikiunguruma. Hilo nalisema bila "ila" wala "labda".

Jiko la gesi ni nafuu kuliko mkaa kama moto wake ni wa bluu, dirisha mbili ziko wazi, na mnapika chai au mayai kisha mnazima. Moto ukiwa wa njano au sufuria ikipata masizi, jiko halipati hewa ya kutosha, na hapo linatoa sumu ile ile. Mtungi wenyewe ni suala jingine: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa sakafuni kama maji. Magari ninayotengeneza huwa na tundu la hewa chini kabisa, kwenye kisanduku cha mtungi, ili ikivuja itokee nje. Kama mtungi wenu umekaa chini ya kitanda bila tundu, funga valvu kila mnapomaliza kupika, na mnapolala uwe nje. Kengele ndogo ya betri inayolia ikinusa kaboni monoksidi inapatikana mijini, na mkifika mahali inapouzwa nunueni, muiweke usawa wa vichwa vyenu mnapolala. Lakini kengele hiyo isiwape ruhusa ya kuingiza mkaa.

Baada ya hapo sasa twende darini.

Chukua chupa ya soda kutoka kwenye friji, iweke mezani, subiri. Inatoka jasho kwa nje. Hakuna anayesema chupa inavuja. Maji yale yalikuwa hewani tayari, yamegusa kioo cha baridi yakageuka matone. Gari lenu lilikuwa chupa ile iliyopinduliwa: bati la paa limepozwa na mvua usiku kucha, na kwa ndani hewa ya joto, nzito kwa unyevu, inaligusa.

Unyevu huo mliuleta wenyewe. Mtu mzima aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi, na kwa usiku mmoja yanaweza kufika glasi moja hadi mbili. Ninyi ni wawili na mtoto. Ongeza nguo mbichi zilizotundikwa, viatu vilivyolowa, sufuria ya wali iliyochemka bila mfuniko. Wanaopika kwa gesi nao hawajui kwamba kilo 1 ya gesi ikiungua hutengeneza takriban lita 1 na nusu ya maji, yote kama mvuke usioonekana. Hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba kama gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikishuka hadi nyuzi 24 inabeba kama 22 tu. Kilichozidi lazima kiende mahali, na kitaenda kwenye bati, kwenye vioo, kwenye vichwa vya skrubu, na chini ya godoro, pale ambapo joto la miili yenu linakutana na mbao baridi zisizopitisha hewa.

Ndiyo maana jiko halikupunguza unyevu. Lilitoa maji kwenye godoro na nguo, likayapandisha hewani, na yakarudi darini. Jioni mlikuwa na maji yale yale, mahali pengine.

Kama huniamini, fanya jaribio hili kesho. Kata kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, ukubwa wa kiganja, futa sehemu ya bati la dari ikauke kabisa, kisha kibandike hapo kwa selotepu pande zote nne pasibaki upenyo. Acha usiku mmoja. Matone yakiwa upande wa foili unaowatazama ninyi, ni mvuke wenu. Maji yakiwa nyuma ya foili, kati yake na bati, basi kweli kuna mahali panavuja.

Na inawezekana yote mawili yapo, gari ni la zamani. Nikilipokea gereji siangalii katikati ya paa, bati zima haliwi na tundu katikati. Naangalia matundu yaliyotobolewa na mtu: boliti za keria, shina la antena, taa ya breki ya juu nyuma, kisha raba ya kioo cha mbele kwenye kona za juu, na ule mfereji mwembamba unaozunguka paa, ambao kutu huula kutoka ndani wakati rangi ya juu bado inang'aa. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira akianzia chini, dakika kadhaa kila sehemu, akipanda taratibu. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Silikoni iliyopakwa paa zima inanitia wasiwasi. Haishiki vizuri juu ya kutu wala rangi inayobanduka, na inapoachia upande mmoja inageuka kuwa mfuko unaohifadhi maji juu ya bati. Siwezi kusema fundi huyo alifanya hivyo bila kuliona gari, lakini mkirudi nyumbani mpelekeeni fundi wa bodi aikwangue na kuangalia chini yake. Njiani usiongeze nyingine.

Dawa ya mvuke ni hewa kupita. Najua utasema hewa ya Kilwa wakati wa mvua yenyewe imeloa, nami sitakudanganya: masika pwani hamtalala kwenye gari kavu kama la Dodoma. Lengo ni dari isidondoshe. Hewa ya nje, hata ikiwa na unyevu mwingi, ina maji kidogo kuliko ile mliyoipumua watu watatu usiku kucha, kwa hiyo kuibadilisha kunasaidia siku zote.

Fungueni sehemu mbili zinazoangaliana, moja chini na moja juu kadiri inavyowezekana. Geuzeni pua ya gari ielekee upepo unakotoka, kisha mfungue madirisha ya nyuma, upande ambao mvua haipigi. Upepo ukiwa kusi, pua itazame kusini. Vile vibati vya plastiki vinavyobandikwa juu ya kioo vinawaruhusu kushusha dirisha vidole vitatu bila maji kuingia. Kuhusu mbu mko sahihi kabisa kuwaogopa, na jibu ni wavu. Kata chandarua kikubwa kuliko dirisha, shona sumaku ndogo pembeni, kinajibandika kwenye bodi. Feni ndogo ya volti 12 inayotoa hewa nje usiku kucha inakula umeme kidogo tu na inafanya kazi kuliko chochote mnachoweza kununua. Vile vikopo vya chumvi ya kunyonya unyevu vinafaa ndani ya kabati la nguo. Mbele ya pumzi za watu watatu ni kama kukausha bahari kwa kata.

Godoro liinueni. Chaga za mbao zenye nafasi kati yake, hata zile za kitanda cha nyumbani zilizokatwa, zinatosha kuipa hewa njia. Kila asubuhi lisimamisheni kwa ubavu. Na nguo mlizoogelea baharini suuzeni kwa maji baridi ya bomba kabla ya kuziingiza. Chumvi ya bahari iliyobaki kwenye kitambaa huvuta maji kutoka hewani kila unyevu unapopanda, ndiyo maana kaptura ya juzi bado mbichi ingawa imeanikwa siku mbili. Mkiwa mnaendesha, washeni kiyoyozi hata kama hamsikii joto. Yale maji yanayodondoka chini ya gari likisimama yametoka kwenye hewa mnayopumua.

Kupika siku ya mvua: funga turubai, upande mmoja kwenye keria, upande wa pili kwenye nguzo mbili fupi ili maji yateleze mbali na gari. Pande ziwe wazi. Jiko likae ukingoni mwa turubai, hatua kadhaa kutoka mlangoni, na mlango ufungwe. Upepo ukikataa turubai, mle mkate na ndizi. Na mvua ikishika siku ya pili mfululizo, kodini chumba. Nimekutana na watu wanaoona aibu kulala gesti wakati gari lao lina kitanda. Usiku mmoja kwenye chumba chenye neti na feni, gari likibaki nje milango wazi chini ya kipaa likikauka, unaokoa safari nzima, hasa mkiwa na mtoto.

Mahali pa kuegesha nako kuna yake. Minazi inapendeza kwenye picha, lakini upepo wa mvua huangusha nazi na makuti mazito juu ya bati na juu ya vioo. Ufukweni, muulize mvuvi kama ni siku za bamvua, bahari inapojaa sana, au maji mafu, inapojaa kidogo. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu bahari ya pwani yetu inapanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, na bamvua hujaa karibu na saa 10 alfajiri, saa ambayo mmelala fofofo. Mstari wa mwani mkavu mchangani unaonyesha jana maji yalifika wapi. Lala juu yake kwa mbali. Radi ikipiga, ndani ya gari la bati ni mahali pazuri pa kuwa. Kinachowakinga ni bodi ya chuma inayopitisha umeme kwa nje hadi ardhini, wala si matairi kama wengi wanavyoamini, kwa hiyo fungeni vioo kwa muda huo na msiguse chuma.

Sasa safari ya kesho. Ushauri wangu ni kwamba kesho msiondoke. Sababu ya kwanza mmeshaipata: mwili wa mtu aliyevuta sumu jana si wa kushika usukani asubuhi, na nyote mnahitaji kuangaliwa. Sababu ya pili ni barabara yenyewe. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa, Somanga ikiwemo, na mabasi na malori yakakwama kwa siku. Simaanishi kwamba mvua hii ni kimbunga. Lakini mito inayokatiza njia hiyo, Matandu na Mbwemkuru, inashuka kutoka bara. Kunaweza kuwa na jua Masoko na mto ukawa unapanda, kwa mvua iliyonyesha mbali jana. Kwa hiyo mbingu ya hapo mlipo haiwezi kukuamulia.

Watakaokuamulia ni watatu. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya jioni. Uliza polisi wa barabarani. Na zaidi ya wote, waulize madereva wa mabasi yaliyotoka Lindi asubuhi ile ile yanapofika Nangurukuru, njia panda ya kuja Masoko, maana wao wamepita na tairi zao. Ukiona basi za kutoka Lindi hazijafika kwa muda wake, hiyo ndiyo taarifa. Mkiondoka, ondokeni mchana kweupe, na msipange kufika usiku.

Mkikuta maji yamepita juu ya barabara, simameni. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuanza kulielesha gari dogo. Sentimita 60 yanabeba magari mengi, lenu likiwemo, kwa sababu bodi pana ya Haisi ni kama tanga la maji. Na huoni kama lami bado ipo chini. Kuvuka kwa sababu lori limevuka ni kosa, lori lina uzito na urefu ambao ninyi hamna. Kama injini itazimika majini, usiipige starta tena. Maji yakiingia ndani ya silinda hayakandamiziki kama hewa, na starta ile moja inaweza kupinda koneksheni rodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Gari lililokuwa linahitaji kukaushwa linahitaji injini mpya. Tokeni, mtoto mbele, panda mahali pa juu, gari livutwe baadaye na fundi akague kabla ya kuwashwa.

Mkae siku mbili. Kausheni gari, fanyeni lile jaribio la foili, mkishapata jibu la daktari na la madereva wa Lindi ndipo mfunge mizigo. Na hilo jiko, tafadhali, waachieni wenyeji wenu wenye baraza. Jiko lililobebwa nyuma ya gari likiwa na makaa yaliyofunikwa jivu linaendelea kutoa sumu njiani, na ninajua ugumu wa kuhakikisha limezimika kabisa siku ya mvua mkiwa na haraka ya kuondoka.